Vikaratasi chini ya mlango

Jino la kwanza la binti yangu liling'oka nikiwa hatua chache tu kutoka alipoketi, nami nikapata habari baada ya muda wa saa nne kupita. Nilizisoma kwenye kikaratasi.

Wakati ule alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza amejua kuandika sentensi. Nilikuwa nimemwekea sharti kwamba mlango wa chumba ninachofanyia kazi ukiwa umefungwa, asigonge wala asiite. Akalitii sharti langu, kisha akatafuta upenyo wake: alichotaka kuniambia alikiandika, akakisukuma chini ya mlango. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni, mgongo nimeupa mlango. Nilipoinuka kuwasha taa ndipo nilipoviona, vilikuwa sita. Kimoja kiliuliza kama anaweza kufungua dirisha. Kingine kiliomba mkasi. Cha nne kilisema, "Mama jino limetoka halijauma." Cha tano, "Nimeliweka kwenye kikombe." Cha mwisho kiliuliza kama nimesoma.

Nilipofungua mlango alikuwa amekwisha lala, na kikombe kipo mezani.

Nimefanyia kazi nyumbani kwa zaidi ya miaka mitatu sasa. Mwaka mmoja na nusu wa mwanzo niliuendesha vibaya, na gharama yake niliilipa mimi, akailipa mtoto, ikailipa na ndoa yangu. Naandika ili anayeanza njia hii, au aliyemo tayari na anahisi anazama bila kujua maji yanaingilia wapi, aone mahali nilipojikwaa.

Mimi ni mhasibu. Napokea hesabu za matawi, nazilinganisha, na kila mwisho wa mwezi nazifunga. Tulipoambiwa tunaweza kufanyia kazi majumbani nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kukubali. Safari ya kwenda ofisini ilikuwa ikinila saa nzima, na ya kurudi saa nyingine. Nikapiga hesabu, nikaona narudishiwa saa kumi kila wiki. Siku ile ile nilizigawa kichwani: nitarudia kufuma, jambo nililolipenda tangu ujana, nitatembea asubuhi, nitakaa na mtoto kabla hajalala. Kosa langu la kwanza liko hapo, kwamba nilizigawa kichwani. Sikuziandika popote wala sikumweleza mtu, na saa isiyo na mwenyewe huokotwa na yeyote anayepita.

Kabla mwezi haujaisha zilikuwa zimekwenda. Saa ya safari ya asubuhi ikawa ya kupunguza barua pepe kabla siku haijaanza. Ya jioni ikawa ya kumalizia viporo. Hakuna bosi aliyeniagiza hivyo, na hilo lilinichukua muda mrefu kulikubali: niliutoa muda wangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa hivi. Ofisini mtu huonekana. Akiinamia meza anaonekana, akienda kunywa maji anaonekana akirudi. Nyumbani kinachokutambulisha ni alama ndogo ya kijani pembeni mwa jina lako kwenye programu ya ujumbe wa kazini, inayoonyesha kwamba upo, na kasi yako ya kujibu. Basi nikawa najibu kila ujumbe ndani ya dakika mbili. Nilijibu nikiwa jikoni, nilijibu saa nne usiku nikiwa kitandani taa zimezimwa. Nilidhani naonyesha uaminifu. Baadaye sana nilisoma matokeo ya jaribio la mchumi Nicholas Bloom na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2015, ambapo wahudumu wa simu wa kampuni moja ya usafiri ya China walifanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13. Wengi huitaja namba hiyo na kuishia hapo. Lakini asilimia 9 kati ya hizo 13 zilitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua vilipungua. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilikuwa nausoma mwaka wangu mwenyewe.

Upande wa pili wa tatizo ulitoka ndani ya nyumba, na huu unazungumzwa kidogo kuliko unavyostahili. Ukiwa nyumbani, kila mtu anakuhesabu kuwa upo. Ndugu ana mzigo wa kupokelewa, "si upo nyumbani?" Fundi bomba anataka kuja mchana, si upo nyumbani. Mume wangu, aliyeendelea kutoka asubuhi kwenda kazini, alianza kuniachia mambo ambayo zamani tuligawana, na sikumlaumu kwa kuwa hata mimi nilijiona hivyo hivyo. Nguo chafu zipo, mimi nipo, kwa nini zisubiri? Kila nilipoinuka mezani nilijiambia napumzika, kumbe nafua, naosha vyombo, nafagia. Narudi kwenye kiti nimechoka kuliko nilivyokiacha. Mchana ukishakatwa vipande vipande, kazi ya ofisi inasogea usiku, na kesho yake asubuhi inaanza na deni.

Nilikuwa pia nikijisifu kwamba naweza kumsikiliza mtoto akisoma huku nakagua jedwali. Siwezi, na sidhani kama wapo wengi wanaoweza. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu alichokiita mabaki ya umakini: ukihama kutoka kwenye kazi ambayo hujaimaliza kwenda kwenye nyingine, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Ndivyo nilivyokuwa. Binti ananisomea hadithi, namwitikia "ehe", na akilini natafuta tofauti iliyoko kwenye safu ya tatu. Akiniuliza swali juu ya hadithi, sina jibu. Nikirudi kwenye jedwali nakosea, kwa sababu sasa namfikiria yeye. Mwezi wa nane nilituma taarifa yenye kosa kubwa la kunakili, mwenzangu akalikuta kabla halijafika kwa wakubwa. Alinisitiri. Nilimshukuru, halafu nikaongeza saa za kazi ili nisikosee tena, jambo ambalo leo likinijia akilini linanisikitisha.

Mwili ndio ulioanza kudai haki yake. Meza yangu ya kwanza nilikuwa nimeibana kwenye kona ya chumba cha kulala, uso unatazama ukuta. Ilipofika miezi kumi sikuweza kugeuza shingo upande wa kushoto bila kugeuza na mabega. Macho yaliwasha jioni nzima. Usingizi nao ulinikimbia, kwani nikijilaza naiona kompyuta, nikiiona nakumbuka kitu. Daktari wa macho alinieleza kwamba mtu akikodolea kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka. Akanipa kanuni ambayo wataalamu wengi wa macho huifundisha: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Nilirudi nyumbani kuijaribu nikagundua kwamba chumbani mwangu hakuna kitu kilicho umbali huo. Ukuta ulikuwa karibu na uso wangu kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa.

Siku hiyo hiyo nilihamisha meza, nikaipeleka kwenye chumba kidogo tulichokuwa tukiwekea masanduku, nikaiweka dirishani. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Asiye na chumba cha ziada atafute hata kona ya sebule na pazia la kuifunika jioni, ila asifanyie kazi pale anapolaza kichwa. Shingo ilipata nafuu, usingizi ukaanza kurudi. Lakini chumba kile kilikuwa na mlango, na mlango ukanipa uwezo wa kujifungia kuliko mwanzo. Vikaratasi vilianzia hapo.

Usiku wa lile jino mume wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Amekungoja mpaka usingizi umemchukua." Asubuhi yake nikafungua daftari jipya.

Kwa wiki mbili niliandika mambo mawili tu: dakika niliyoigusa kazi na dakika niliyoiacha, hata ikiwa ni kujibu ujumbe mmoja. Kabla ya hapo ningeapa kwamba nafanya saa 45 kwa wiki. Wiki ya kwanza ilitoka saa 58, ya pili 61. Kati ya siku 14 hapakuwa na hata moja iliyopita bila alama, Jumapili zikiwemo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo wa mishipa kuziba iliyozidi kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Habari hiyo nilikuwa nimeiona zamani nikaipita, nikidhani inawahusu madereva wa malori na watu wa migodini. Safari hii niliisoma nikiwa na daftari mkononi.

Kama kuna jambo moja ninaloomba ulifanye kabla ya mengine yote, ni hilo daftari. Usibadilishe chochote wiki hizo mbili, andika tu. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka haitegemeki, na utakapokwenda kuzungumza na bosi au na wa nyumbani kwako, utahitaji kitu cha kuweka mezani.

Nilichofanya baada ya daftari kilikuwa ni kukosea kwa namna mpya. Kwanza nilijitengenezea ratiba ya nusu saa nusu saa, yenye rangi, kila kitu kimo mpaka kunywa maji. Ilidumu siku nne. Siku ya tano mtoto aliamka na homa, ratiba ikavunjika kabla ya saa tatu asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa imevunjika niliiacha yote. Halafu nikaamua kuamka saa kumi alfajiri ili nipate saa mbili zangu. Wiki ya kwanza nilijiona mshindi. Wiki ya tatu nilisinzia katikati ya mkutano, mwenzangu akaniita jina mara mbili. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Mimi nilikuwa nalala tano, na muda niliouita wangu nilikuwa nimeuiba kwa mwili wangu mwenyewe. Nawaheshimu wanaoamka alfajiri wakafaulu, ila wengi wao hulala mapema, na mimi sehemu hiyo sikuifuata. Mwisho nikaweka kengele ya simu ilie saa kumi na moja jioni. Nikaizoea kuizima kama mtu anavyofukuza nzi.

Majaribio hayo matatu yalifanana kwa kitu kimoja. Yote niliyafanya peke yangu, kimyakimya, bila mtu mwingine kuambiwa kwamba kuna mpaka. Watu walioizoea njia yangu waliendelea kupita.

Ilinichukua wiki tatu kujipa moyo wa kuzungumza na bosi. Nilimwandikia kwanza, mistari michache, nikiomba nusu saa ya kuzungumzia mpangilio wa kazi. Hiyo ilinisaidia, maana mambo ya namna hii ukiyaingiza mwishoni mwa mkutano mwingine yanafanana na malalamiko. Nikaja na daftari langu na pendekezo: nitapatikana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wiki ya kufunga hesabu nitasogeza hadi saa moja usiku, na jambo la dharura nje ya hapo nipigiwe simu, nisitumiwe ujumbe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani wewe ni mtu wa usiku. Kila nikikutumia kitu usiku unajibu papo hapo, basi nikawa nakuwekea mambo yako usiku."

Mwaka mmoja na nusu. Mimi najibu kwa sababu ananiandikia, yeye ananiandikia kwa sababu najibu, na kati yetu hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo simu za dharura alizonipigia hazizidi tano.

Najua si kila bosi yuko hivyo. Wapo wanaohesabu dakika za kibodi, na wapo wanaoona mpaka wa mfanyakazi ni utovu wa nidhamu. Nchi kadhaa zimeona jambo hili haliwezi kuachiwa huruma ya mtu mmoja mmoja. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yanatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kuachana na simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mwajiri asimsumbue mfanyakazi wakati wa mapumziko yake isipokuwa kwa dharura kubwa. Australia iliwapa wafanyakazi haki ya kukataa mawasiliano yasiyo ya lazima kuanzia Agosti 2024. Penye sheria, mtu ana pa kushika. Pasipo na sheria, kilichonisaidia hata kwa wateja wakali ni swali moja dogo ambalo halimuudhi mtu: "Unahitaji hii lini?" Nilishangaa ni mara ngapi jibu lilikuwa "hata kesho kutwa". Ujumbe mwingi wa usiku ni mtu anatua mzigo alioubeba kichwani asije akausahau. Hakutaka uubebe usiku huo.

Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa magumu kuliko ya ofisini, na hapa sitaki kupamba. Nilimwomba mume wangu tuandike kila kazi ya nyumba, hata ndogo, kisha kila mmoja aweke alama kwenye zile anazozifanya. Zilifika 31. Zenye alama yangu zilikuwa 24. Alidhani namshtaki. Nami, kusema kweli, kwa sehemu nilikuwa namshtaki, kwa sauti ambayo sikuipenda nilipojisikia. Siku mbili tulizungumza mambo ya lazima tu. Siku ya tatu alirudi kwenye ile orodha mwenyewe akasema nyingine hakuwa anajua kama zinafanywa, alidhani zinajitokea. Tukagawana upya. Amechukua nguo zote na kila kinachohusu mafundi, na tulikubaliana kwamba mchana mimi nihesabiwe kama mtu asiyekuwepo nyumbani. Ndugu nao nikawaambia hivyo hivyo, kwa upole: "Naomba unihesabu niko ofisini hadi saa kumi na moja." Mmoja alinuna. Sasa amezoea.

Kwa mtoto tulibadilisha lile sharti. Mlango ukiwa wazi, aingie. Ukiwa umefungwa, kuna mkutano, na juu ya kitasa natundika karatasi yenye mchoro wa saa unaoonyesha utakapoisha. Amejifunza kusoma saa kwa njia hiyo kabla hawajaifika darasani.

Kilichobaki kilikuwa namna ya kumaliza siku. Ile safari ya ofisini niliyoichukia ilikuwa ikinifanyia kazi ambayo sikuijua: ilikuwa ikinivua kazi polepole hadi nifike mlangoni. Nyumbani unafunga kompyuta, na baada ya hatua tatu unaitwa mama. Sasa dakika 15 za mwisho siingii kitu kipya. Naandika nilipoishia, naandika kitu cha kwanza cha kesho, kwa maneno kamili ambayo hata mgeni angeyaelewa. Leroy niliyemtaja juu, katika utafiti mwingine wa baadaye aliofanya na mwenzake, alionyesha kwamba kuandika utakapoanzia ukirudi hupunguza yale mabaki ya umakini. Nakubaliana naye kabisa. Kisha nafunika kompyuta kwa kitambaa, navaa viatu, natoka nje ya nyumba. Natembea dakika 20, mvua ikinyesha natembea kumi na mwavuli, halafu naingia kama mtu anayerudi kutoka kazini. Mwanzoni nilijiona naigiza. Baada ya wiki mbili hivi niligundua kwamba nikifika kwenye kona ya kurudi mabega yangu yameshuka.

Programu zote za kazi nilizifuta kwenye simu. Hili lilinitisha kuliko kuongea na bosi. Siku tatu za kwanza mkono uliitafuta simu kila baada ya dakika chache, nikawa naishika, naangalia saa, nairudisha.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo sikulitarajia. Jioni ya kwanza niliyoipata kamili, mtoto yuko na baba yake, vyombo vimeoshwa na mwingine, mimi sina deni la mtu, niliketi kwenye kochi na sikujua la kufanya. Nilihisi hatia kama mtu aliyetoroka shule. Baada ya dakika kumi niliinuka nikaanza kupanga kabati. Nilikuwa nimeshapigania muda, kumbe sikumbuki tena ni nani aliyekuwa akiutaka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa hali inayoletwa na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, akili kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kupungua. Nilizisoma moja moja nikaziona zote ndani yangu. Nililia, na kilio hicho kilikuwa na nafuu ndani yake, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba nimekuwa mvivu na mtu mwenye roho ngumu. Mtu anayejiona hapo, tena ikiwa hata usingizi na hamu ya kula vimepotea, asingoje kama mimi. Aende kwa daktari au mshauri nasaha mapema.

Kupona kwangu kulikwenda taratibu. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili: muda wa familia na muda wangu. Kumwogesha mtoto kwa utulivu ni raha, lakini bado nahudumu. Nilihitaji pia saa ambayo hakuna anayenihitaji, na ilinibidi niitamke mbele ya mume wangu bila kuomba radhi. Tulianza na jioni mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila moja. Yeye naye ana mbili zake. Tumeziandika kwenye kalenda iliyo ukutani, kalamu ya wino.

Nilikwenda kutafuta sweta niliyoiacha. Ilikuwa kwenye mfuko, mkono mmoja umefika kwenye kiwiko, sindano bado zimo. Sikukumbuka nilikuwa nahesabu vipi vishono, ikabidi nifumue mkono wote hadi begani. Jioni tatu nzima nilifumua na kuanza upya. Hakuna aliyengoja sweta hiyo, wala haikuwa na tarehe ya kukabidhi, na nadhani ndiyo maana ilinipumzisha.

Bado nateleza. Juzi tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka, na siku tisa mfululizo nilivuka saa zangu. Niliziandika kwenye daftari, nikamwambia bosi kwamba wiki inayofuata nitatoka mapema siku mbili, akakubali. Nyumbani nilisema mapema kwamba siku hizo zitakuwa ngumu, na jioni zangu mbili nikaziacha kwa hiari.

Siku ya sita, mlango umefungwa, muda wa kwenye mchoro umeshapita, nilisikia karatasi ikikwaruza sakafu. Siku hizi sivai hedifoni ila kwenye mkutano. Niliinuka nikaiokota. Ameshakuwa mkubwa, mwandiko umenyooka. Aliuliza zimebaki dakika ngapi. Nikaandika chini yake "40", nikairudisha kwa njia ileile, nikamsikia akiisoma kwa sauti na kwenda zake. Nilitoka baada ya dakika 35.